Fimbo ya Verlon

Ziwa Reelfoot, Jumapili

Kaka Verlon,

Sisi wazima. Maji yameanza kupata joto na samaki wetu wa krapi wamesogea kwenye visiki vya majini.

Baba bado anafunga chambo mwenyewe. Ila siku hizi boya analiweka mbali mno na ndoana, chambo kinazama mpaka kwenye tope. Na ndiye aliyetufundisha kwamba krapi anatazama juu tu, hali kitu kilicho chini yake. Akigeuka, nalisogeza boya karibu na ndoana kimya kimya. Akinasa samaki ananicheka, "Umeona, bwege? Mzee bado yumo!"

Tangu uondoke, kila Jumamosi alikuwa anatayarisha fimbo tatu za kuvulia. Yako aliifungia ile ndoana ya manyoya ya pinki unayopenda, na hakuna aliyeigusa. Jana katayarisha mbili. Nikamuuliza, "Baba, na ya Verlon?"

"Verlon ndo nani?"

Hakuwa na hasira, kaka. Alikuwa anauliza kweli.

Najua ulisema hurudi mpaka akuombe radhi. Sasa hakumbuki hata kama mligombana.

Yako nimeifunga mimi. Boya nimeliweka karibu, kama alivyotufundisha.

Mdogo wako,
Hoyt