Tone la Mafuta Chini ya Helikopta

Jumanne, usiku

Bado sijui kama nilifanya sawa.

Helikopta ilikuwa iruke asubuhi kutoka hapa kambini kwenda juu Uluguru, kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana bila kujifungua. Barabara imekatwa na maporomoko. Nikiikagua, nikaona tone la mafuta chini ya injini. Nikamwambia Kapteni asiwashe.

"Fundi, wingu linashuka," akasema. "Likifunga mlima, hatwendi tena leo."

"Naliona, afande. Naomba nifungue kwanza."

Mimi na Koplo Zuhura tukafungua, tukapapasa kila bomba. Hakuna palipovuja. Ni mafuta yaliyodondoka tu wakati wenzetu wa zamu ya jana wakijaza. Kapteni alipanda na kuwasha injini. Aliruka wingu likiwa limeshameza nusu ya mlima.

Chai ilinishinda. Nilibaki uwanjani nikisikiliza, na kila pikipiki iliyopita nilidhani ndio wao.

Walirudi mchana. Mama alishushwa kwenye machela, amefumba macho, anashika shuka kwa nguvu. Jioni tukasikia amepasuliwa hospitalini, mtoto wa kike, wote wazima. Zuhura alicheka hadi machozi.

Mimi nilicheka pia. Lakini muuguzi alimwambia Zuhura kwamba wangechelewa kidogo tu zaidi...

Hicho kidogo ndicho kinachoninyima usingizi.

Kesho inaruka tena. Nikiona tone, nitaisimamisha. Hata wingu likiwa linashuka, nitaisimamisha.