Banamuweka Graciella mu kategori ya bamama

Josée, uko wapi? Kasirani inataka kuniua huku Katuba!

Mu course ya kinga ya leo, yale mashindano ya baiskeli, banamuweka Graciella na bamama. Bamama, Josée! Mutoto wa miaka kumi na ine!

Unajua vile alikimbiaka vita ya Goma, petit frère wake, ndugu yake mudogo, mu mugongo, karatasi yote ya kuonyesha miaka yake ikabaki kule. Sasa monsieur moya wa komite ya course anamuangalia vile anabeba mutoto, anasema: «Huyu anazalaka. Aende na bakubwa.»

ANAZALAKA! Mbele ya bantu bote!

Nikamuambia: «Papa, ni ndugu yake.» Ule monsieur iko anacheka: «Bote banasemaka vile.»

Bote banani??

Basi Graciella anakimbia na banamuke bakubwa, anafika wa mwisho. Anashuka tu pa kinga, kale katoto kanaita: «Mama!»

Ule monsieur anageukia bantu: «Munasikia?»

Nilitaka kumurukia. Lakini Graciella njo alimujibu, pole pole: «Ananiita mama juu mama yetu alikufa mu njia. Mimi niko na miaka kumi na ine, papa.»

Josée, unajua ule monsieur alifanya nini? Alifungua tu mwamvuli yake, akaita kategori ingine.