Mkono wa Kushoto

Kaka Tuaibo,

Salamu zikufikie huko Mtwara, wewe na wifi na watoto. Huku tu wazima. Mvua imenyesha, na paa la mama halivuji tena.

Kaka, nakuomba kwa jina la Mungu, rudi chuoni huko nilikosomea, wanithibitishie masomo yangu. Cheti changu cha fisioterapia, tiba ya viungo, hapa Mocímboa ng'ambo ya mpaka ni karatasi ya ugenini. Ofisini wanasema bila uthibitisho hakuna leseni, na nikimtibu mtu bila leseni, nafungwa.

Sónia, mtoto wa jirani yetu Rosita, alivunjika kiwiko. Alipofunguliwa plasta, Rosita alinipigia hodi nimfanyishe mazoezi ya mkono. Nikamwambia, "Dada, sheria hainiruhusu." Akampeleka kwa mkandaji, maana mkandaji haulizwi leseni na mtu. Akamkanda kwa mafuta ya moto, akauvuta mkono kwa nguvu, mtoto analia, nami nasikia kupitia ukuta. Sasa kiwiko kimekakamaa. Hata tonge halifiki mdomoni.

Jana Rosita alimtuma aniletee muhogo. Kanipa bakuli kwa mkono wa kushoto, kisha akainamisha kichwa: "Shangazi, niwie radhi, wa kulia haunyooki."

Kaka, mtoto yule aniombe radhi mimi!

Nimemwambia aje leo baada ya alasiri, na mlango nitauacha wazi. Huo uthibitisho ukitoka nami nimeshafungwa, niletee huko huko.

Mdogo wako,
Zuleica