Arceau ya mama mukwe

Aimé, uko? Jibu mbio! Niko ku shamba ya mama mukwe yangu, ku barabara ya Kasenga.

Unajua arceau ya tracteur yake ya kidogo? Ile chuma ya nyuma ya kiti, yenye inalinda dereva kama tracteur inapinduka. Soudeur, fundi wa kuchomea chuma, aliikata, akaiweka mbele, juu ya capot, kifuniko ya moteur. MBELE, Aimé! Eti nyuma ilikuwa inagonga mulango ya hangar yenye inalala, na mbele iko muzuri ya kufunga bâche ya jua, turubai ya kivuli.

Bâche ya jua!!

Na sasa mama mukwe iko napanda nayo kichuguu, yeye mwenyewe. Gurudumu moja juu, ingine chini.

Nitasema nini? Unajua kwetu Kasai, muntu habishani na mama mukwe, hata kumuangalia mu macho hapana. Maneno yote inapita kwa bibi, mutoto yake. Na bibi yangu Cathy, telephone yake imezimwa!

Nilijikaza, nikaita: «Mama!» Akasimamisha moteur, akangojea. Nikaangalia chini.

Akacheka: «Bakwe bengine banapenda kunifundisha kazi. Wewe uko na heshima.»

Akawasha tena. Iko napanda, na mi niko hapa chini na heshima yangu.