Alama ya Mlima

Malaba, Alhamisi

Dada yangu Among,

Huku hatujambo. Mama amevuna njugu, na goti lake limepoa kidogo. Nimeandika kwa karatasi ili mke wangu Sharlyne aipige picha akutumie, maana kwenye simu hukawii kunikatiza.

Nimeona picha ya gari mliyokodisha ya kwenda kuteleza kwenye theluji huko Austria. Ni nzuri. Lakini fundi wa tairi huangalia chini kwanza, na nimeivuta hiyo picha mpaka macho yakaniuma. Tairi za nyuma zina ile alama ya mlima wenye theluji uliyonieleza. Za mbele hazina. Unasema yule wa ofisi alikuhakikishia zote ni za theluji. Hata mimi huwahakikishia wateja.

Usicheke. Hapa kwetu tairi ikiisha, tunapasha kisu moto tunaichonga mistari upya, na inaonekana mpya kabisa. Zile za mbele za pikapu ya baba, siku aliyoenda Mundika, nilizichonga mimi. Aliniuliza kama zitashika kwenye maji. Nikamwambia, "Mzee, enda tu, hakuna shida."

Kwenye matanga yake nyote mlisema ni mvua iliyoitelezesha pikapu. Nikanyamaza. Sasa ni miaka sita.

Kesho, kabla hujawafunga watoto mkanda, rudisha gari hiyo. Halafu unichukie ukitaka, lakini unichukie ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako,
Oluka