Upande wa Ndani wa Manila

Jumatatu, 7 Julai. Awindiri.
Ukurasa wa kwanza, mara ya tatu. Wino umetambaa tena. Uso wa bibi niliyemchora sasa una ndevu. Penseli haina shida, kurasa zote sita nimeshazichora. Shida ni wino. Mwalimu mkuu wa shule ya Koboko anataka katuni za kitabu cha watoto Ijumaa asubuhi. Zisipofika, watoto watapewa kitabu kilichochapwa tayari Kampala, chenye watoto wa ghorofani na mbwa wa kulala kitandani. Nimekasirika. Nimebadilisha kalamu, nimebadilisha wino. Bado.

Jumanne, 8 Julai.
Nimekwenda soko la mpakani, Vurra, kutafuta karatasi nyingine ya manila. Mchagua jembe si mkulima, najua, lakini jembe hili limepinda. Mfanyabiashara Mkongo akaniapia: "Hii iko ya nguvu, mama. Hata mutu ya ofisi anaandikia hii." Nimerudi na karatasi nzima iliyoviringishwa. Nikaifungua, nikachora upande wa ndani kama kawaida yangu, maana wa nje umejaa vumbi jekundu la barabarani. Wino ukatambaa. Nimemtukana Mkongo wa watu peke yangu chumbani.

Jumatano, 9 Julai. Koboko.
Nimekuja kwa mama na kurasa zangu zote. Nia ilikuwa kumwambia mwalimu mkuu ana kwa ana kwamba nimeshindwa.

Sikufika shuleni. Mama Keji, mpangaji wa mama kutoka Sudan Kusini, alikuwa uani anachora maua kwenye shuka kabla ya kuyadarizi. Akaomba kuona karatasi. Akaigusisha mdomoni, upande huu, kisha huu. Hivyo ndivyo anavyojua uso wa kitambaa, vidole vyake vimeshakufa ganzi kwa sindano. "Wewe unachora kwa mgongo ya karatasi," akasema. "Hii ya ndani inakunywa wino. Ile ya vumbi iko laini."

Nikajaribu. Mdomo haudanganyi. Nikafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikapiga mstari mmoja. Ukakaa palepale, mwembamba, mweusi.

Miaka minne nachora upande usiofaa kwa sababu ya usafi! Nimelaumu wino, kalamu, mvua na Vurra nzima. Nimecheka hadi mama akatoka jikoni.

Alhamisi, 10 Julai.
Sikuanza upya. Nimezigeuza kurasa, nikazibandika dirishani. Jua la Koboko ni kali, penseli ikaonekana kwa upande wa pili. Nikafuatisha kwa wino. Kurasa sita kufikia alasiri. Furaha tupu.

Kisha mama akaja kutazama. "Huyu bibi anapea mtoto chakula na mkono ya kushoto? Watu ya Koboko watasema nini?"

Nikakimbilia ukurasa wa pili, wa tatu. Wote wanatumia kushoto. Bibi, mjukuu, hata imamu anayesalimia. Nilipogeuza karatasi niliigeuza dunia. Maneno huwa nayaandika mwisho, ndiyo maana sikushtuka mapema. Nimekaa chini sakafuni.

Mama Keji akaleta mkasi. Nimechora mikono minane kwenye vipande vidogo, upande laini, nikaibandika kwa uji wa muhogo, kisha nikaandika maneno. Viraka havitaonekana kitabu kikichapwa. Mama amekagua kila mkono kama askari wa mpakani.

Ijumaa, 11 Julai.
Mwalimu mkuu alisoma kurasa zote sita amesimama. Hakucheka hata mara moja. Nilijua nimekwisha. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaanza tena ukurasa wa kwanza. Hapo akacheka.

Shule imezichukua. Kitabu cha Kampala hakitanunuliwa. Nimetoka nje.

Jumamosi, 12 Julai.
Nimelala hadi saa nne. Hakuna aliyeniamsha.

Mama amerudi sokoni amechelewa. Amewaambia wanawake wote kwamba kitabu cha watoto wao kimechorwa nyumbani kwake. Muuza nyanya ameambiwa hadithi nzima mara mbili. Nimelia kidogo. Kisha tumekula muhogo, mimi na yeye, sahani moja.