Sauti ya Mama Juu ya Kabati

Jumapili, 4 Mei
Nimehamisha tena. Picha, katuni za watoto, hadithi za mama nilizorekodi, vyote vimo kwenye kikompyuta juu ya kabati. Kinakula umeme kidogo kuliko taa, sola inakibeba usiku na mchana. Simu imejaa, nimefuta humo.

Leo nimemrekodi mama akiita ng'ombe wa zamani wa marehemu babu, wa kijijini Shishiyu, mmoja mmoja kwa jina lake, nayo nimeihamishia humo. Amekohoa sana. Naogopa.

Alhamisi, 15 Mei
Mama ametuacha alfajiri.

Jumamosi, 17 Mei
Tumezika jana. Nyumba imejaa, watu wanalala hadi barazani, na kila mtu na simu yake. Umeme wa mtaani umekatika. Sola yangu sasa ni mali ya ukoo.

Nimebandika karatasi kwenye soketi: USICHOMOE. Mjomba, mdogo wake mama, kaibandua, kaifanya kisahani cha kikombe chake cha chai. Nimenyamaza. Kwenye msiba hugombani na mjomba.

Jumatatu, 19 Mei
Leo tunaondoa matanga. Shangazi akaomba tumsikilize mama kabla watu hawajatawanyika. Nikaenda kabatini. Taa ya kijani ya kikompyuta imezimika. Soketi imejaa chaja za simu.

Mjomba hata aibu hana. "Mpwa, hako kadude nakachomoa kila siku. Kanawaka bure tu, hakapigi simu, hakaimbi."

Jumanne, 20 Mei
Fundi wa mjini kahangaika asubuhi nzima. Memori imekufa kwa kuchomolewa ovyo. Hakuna kilichobaki. Hata kikohozi cha mama.

Mjomba ameondoka, simu imejaa chaji. Sikumsindikiza. Namchukia. Najichukia pia kwa kunyamaza, eti heshima.

Jumapili, 8 Juni
Nimekichomeka tena. Kinawaka vizuri, kitupu.

Jioni mjomba kapiga. Kumbe shangazi alimweleza kilichokuwa humo. Hakuomba radhi. Akaanza tu kuita ng'ombe wa babu, akivuta sauti vilevile kama mama. Nikawahi kubonyeza kurekodi. Akaita wawili, wa tatu akakwama.

"Anayefuata ni nani, mpwa?"

Sijui. Aliyejua ni mama.

Nilimsikia akipumua tu, mpaka simu yake ikaisha chaji.